Mistari Niliyokataa Kusafisha

Filamu yangu ya kwanza ni fupi kuliko muda ambao chai huchukua kuchemka, na inahusu chai. Mama yangu anaingia jikoni, anaweka sufuria motoni, anamimina maziwa, anangoja, anakunywa. Basi. Niliichora yote kwa penseli, karatasi baada ya karatasi, juu ya kioo chenye taa chini yake, katika nyumba ya kupanga huku Ruiru, upande wa Kamakis, ambako ukifungua dirisha wikendi moshi wa nyama choma unaingia na kukataa kutoka. Karatasi zangu zote zina harufu ya mbuzi. Kuna mteja niliyempelekea michoro akaniuliza kama nafanyia kazi hotelini.

Kinachonilisha ni matangazo. Nachora katuni za unga, za sabuni, za dawa ya mende. Huko mstari unatakiwa uwe safi. Kwanza unachora ovyo ovyo, mistari mingi inayotafuta bega liko wapi na kiwiko kinaishia wapi, halafu unaweka karatasi nyingine juu na kufuatisha mstari mmoja tu, laini, usio na wasiwasi. Kazi hiyo tunaiita kusafisha, na mimi ni hodari wa kusafisha, nalisema bila kuona haya. Nimesafisha wanawake wengi wanaotabasamia pakiti za unga hata nikikutana na mwanamke anayetabasamu sokoni natafuta pakiti iko wapi.

Lakini nilipojaribu kumsafisha mama, alinipotea. Katika mchoro wa kwanza, ule wa ovyo, alikuwa mwanamke ambaye mgongo umemuuma tangu asubuhi na hajamwambia mtu. Katika ule safi alikuwa mama wa unga. Nikaurarua ule safi. Niliamua filamu nzima ibaki na mistari yake ya kutafuta, yote, hata ile iliyokosea. Sasa, kwa kuwa kila karatasi huchorwa upya, mistari haiwezi kutua mahali pale pale mara mbili, na ukizipitisha karatasi kwa haraka kila kitu kinatikisika kidogo, mtu, sufuria, mpaka ukuta. Wenye kazi husema mstari unachemka. Mimi niliupenda sana mchemko huo. Niliona ndivyo vitu vilivyo hai vinavyokaa.

Mama ni fundi wa nguo. Miaka mingi ameshona sare za shule kwenye kibanda chake sokoni Thika, na jioni anarudi Murera, kwenye ploti ambayo yeye na marehemu baba waliinunua wakati majirani wao walikuwa mahindi. Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama, na pamoja na jina anapokea heshima kidogo na shida nyingi za watu wazima. Mama akiwa na jambo zito hakumpelekea kaka yangu, alinipelekea mimi. Baba alipougua, mimi ndiye niliyeambiwa kwanza, nikiwa bado navaa sare aliyonishonea mama mwenyewe.

Michoro aliiona mapema, kwenye simu yangu, na haikumfurahisha. Aliniuliza nyuzi nitazitoa lini. Kwa fundi, kitambaa hushikizwa kwanza kwa nyuzi kubwa kubwa zisizo na maana, kisha kinashonwa vizuri, kisha zile nyuzi zinatolewa. Kumpa mteja nguo ikiwa bado nazo ni uvivu, na mama hajawahi kunisamehe uvivu. Nilimwambia safari hii nyuzi zinabaki. Akasema mteja atairudisha, na tukacheka.

Wakati huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na mimi sikujua. Naandika hivyo na bado siamini. Mtu anayelipwa kuangalia jinsi kidole kinavyojikunja! Kazi ya vitundu vya vifungo alikuwa ameanza kumpa mama wa kibanda cha jirani, akaniambia ni macho. Nikampeleka tukatengeneza miwani, akaivaa, akasema sasa anaona mpaka Nairobi. Chai alikuwa anamimina nusu kikombe, nami nikamtania kwamba uzee umemletea uchoyo. Alicheka kwa adabu. Kila kitu kilikuwa mbele yangu, na nilikuwa na mzaha tayari kwa kila kimoja.

Filamu ilipoisha niliionyesha nyumbani Murera, Jumapili alasiri baada ya kanisa. Kaka yangu alileta projekta ya kuazima, tukafunga blanketi madirishani na kutundika shuka ukutani. Wamama wa ushirika wake wa kanisani wakaja na thamosi zao na mandazi, wakajipanga kwenye viti kama wamekuja kuposa. Walimtambua mama mara moja. Walicheka alipogonga mfuniko wa sufuria na kijiko, kwa sababu ndivyo anavyoita watu chai, na mmoja akasema hata kitambaa cha kichwa ni chenyewe. Halafu mwingine akauliza kama stima imepungua, maana picha inatingika. Kaka akasema labda ni mashine. Ilinibidi niseme kwa sauti, gizani, kwamba si stima na si mashine, ni makusudi yangu.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, mkono mmoja ndani ya sweta. Mtu akitengeneza kitu haangalii kitu chenyewe, anaangalia nyuso, na mimi nilikuwa nikigeuka kila mara kumtazama. Hakucheka na wenzake. Alikuwa ametulia, macho kwenye shuka, na uso ambao nilishindwa kuusoma, kwa hiyo nikausoma vibaya.

Wageni walipoondoka tulibaki jikoni tukiosha vikombe. Aliongea bila kugeuka.

"Maitu, umenichora nikitetemeka."

Nilijua, au nilidhani nilijua, kilichokuwa kikija. Amekasirika. Nimemwaibisha mbele ya wenzake na filamu inayoonekana haijamalizwa. Na mimi nilikuwa nimechoshwa na habari za nyuzi, za stima na za mashine, hivyo nikamjibu kama mtu aliyealikwa kufundisha. Nilimweleza karatasi ni ngapi, kwa nini mstari hautui, kwa nini mstari safi unaua uso. Nilieleza mpaka maji ya kuoshea yakapoa.

"Mum, si wewe unatetemeka," nikamalizia. "Ni mistari. Kila kitu kinatetemeka, hata ukuta. Ni staili tu."

"Ni staili."

"Ni staili."

"Kwa hivyo hukuwa umeona kitu."

"Kitu gani?"

"Hakuna. Nipatie hiyo kikombe."

Nikampa. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimemwelewesha.

Tangu siku hiyo alificha kwa ustadi zaidi. Kanisani alishika mkoba kwa mikono miwili mpaka mwisho wa ibada. Nikienda Murera alinitaka mimi nimimine chai, nami nikaona anafurahia kuhudumiwa, ni haki yake. Filamu nayo ilipata bahati, ikaonyeshwa hapa na pale Nairobi, na kila mahali kuna mtu aliyenyoosha mkono kuuliza kwa nini mistari haikusafishwa. Nilikuwa na jibu zuri. Nilisema mstari safi umeshajua kila kitu, mstari mchafu bado unaangalia. Watu walipiga makofi. Nikilikumbuka jibu hilo sasa natamani nijifunike uso na gazeti.

Aliyenipigia simu hatimaye ni yule mama wa kibanda cha jirani. Alisema nije Thika, mama amekaa na sare moja tangu asubuhi, anashona na kufumua, hataki kula wala kwenda nyumbani. Nilimkuta ameinamia mashine, mshono umepinda kama njia ya ng'ombe, na hakuuficha mkono. Alikuwa amechoka mno kuuficha. Ulikuwa umelala juu ya kitambaa ukicheza peke yake, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama anayefinyanga tonge la ugali, bila kukoma. Nilisimama pale na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba haufanani kabisa na nilivyochora.

Tulienda hospitali. Daktari alimtembeza, akamwambia afungue na kufunga ngumi, akauliza jambo hili lilianza lini. Mama akasema lilikuwepo hata kabla ya ile sinema. Daktari hakujua ni sinema gani, lakini mimi nilijua.

Tulikaa kwenye benchi nje tukingoja dawa. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini hakuniambia siku ile, tukiwa wawili tu jikoni, badala ya kukaa na kitu kama hicho muda wote huo peke yake.

"Si nilikuambia," akasema.

Kisha akanisimulia alivyoiona filamu yangu. Alipoona mwanamke wa ukutani anatetemeka aliogopa, akafikiri kila mtu chumbani ameshajua. Baadaye woga ukamtoka. Akajiambia: mtoto ameona, kumbe ameona zamani, na amelisema kwa niaba yangu, polepole, mbele ya watu, na hakuna aliyenionea huruma, wanacheka tu na kula mandazi. Alikuwa ametafuta maneno ya kuniambia kwa miezi na sasa hayakuhitajika tena. Alingoja wageni waondoke ili tuongee vizuri, mimi na yeye.

"Nilifurahi, maitu," akasema. "Sijui nikueleze aje. Mpaka wageni wakaenda nyumbani, nilifurahi sana."

Dirisha la dawa lilipoita jina lake nilikwenda mimi, na nikakaa huko muda mrefu kuliko dawa zilivyohitaji.

Niliporudi Ruiru nilizitoa karatasi zote nikazitandaza sakafuni. Nilikuwa natafuta mkono wake wa kulia. Nilitaka nikute mahali pamoja, popote, ambapo mkono ule unatetemeka zaidi ya sufuria, ili nijiambie kwamba penseli iliona kile ambacho macho hayakuona, kwamba kwa namna fulani nilikuwa najua na nilimsemea kweli. Nilipiga magoti kutafuta mpaka magoti yakauma. Mkono unatetemeka sawa na sufuria, na sufuria sawa na ukuta. Hakuna nilichoona. Ningeweza kudanganya, na nikiulizwa na watu wa Nairobi ungekuwa uongo mtamu sana, lakini yeye angejua.

Kibanda cha Thika amekiacha. Dawa zinamsaidia, hasa asubuhi, na mchana anakaa nje Murera na kuwasumbua kuku. Juzi nilimwomba nimchore tena. Nilitegemea akatae, lakini aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ua, akavuta mkono ndani ya sweta, akautoa, akauweka juu ya goti mahali ninapoweza kuuona.

Nilichora kwa muda mrefu. Safari hii naujua mtetemo ule, najua unaanzia kidole gani, najua unapumzika lini. Lakini kila mstari wa pili uliokuja niliufuta. Nilifuta na kuunganisha, nikafuta na kuunganisha, sikuamua kufanya hivyo, na nilipomaliza mkono kwenye karatasi ulikuwa na mstari mmoja, laini, mkono mzuri uliotulia wa fundi anayengoja kitambaa. Nilimpa nikiwa na furaha kidogo, kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani.

Aliutazama kwa muda.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini huyu ni yule wa zamani. Mimi bado hujaniona."

Akaninyooshea karatasi, nayo ikawa inatetemeka hewani katikati yetu, na mimi nikaichukua haraka mno.