Siku Nilipomkamata Mwizi kwa Kompyuta

Wasomaji, nawaletea mpelelezi hodari: mimi. Baada ya kutangatanga kikazi kutoka Dagoretti hadi Kitisuru, nilitua katika ofisi ya watalii katikati ya Nairobi, nikagombea usimamizi na mwenzangu Halima. Mkubwa wetu, Bi. Njeri, alitaka kila mmoja aandike maelezo ya Nairobi ya zamani, mwenye bora zaidi apewe cheo. Niliyaandika nikikaribia kulia, kwa jinsi ninavyoikumbuka.

Wiki hiyo nilikuwa nimegundua kwamba kila faili ya kompyuta huhifadhi jina la mwandishi na dakika alizotumia. Nikachungulia ya Halima. Mwandishi: Kamau. Dakika: tatu! Nikayatangaza mkutanoni kwa sauti ya hakimu.

"Kamau ni mchapaji wa saiba, duka la kompyuta la kwetu Mountain View," Halima akasema. "Niliandika kwa mkono, akanichapia, akahamisha kwa faili ingine."

"Kila mwizi ana Kamau wake," nikamjibu. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa.

"Haya, tufungue na yako," Bi. Njeri akasema.

Skrini ikaonyesha: Mwandishi: Halima.

"Kaka, si ulifungua barua yangu ya zamani, ukafuta, ukaandika juu yake?" Halima akauliza. "Si ndivyo sisi wote hufanya hapa?"

Ndivyo hasa. Nikafungua mdomo kujitetea, lakini Bi. Njeri alikuwa ameshavua miwani.

"Kwa ushahidi wako mwenyewe, hii ameiandika Halima," akasema. "Na ni nzuri sana. Halima, hongera, cheo ni chako."