Bi Umulkheir na Printa ya Chini

Kuna mwanamke wa mtaa wa Mkomani aitwaye Umulkheir. Kama umewahi kuchapisha karatasi mjini Lamu, huenda ni yeye aliyekuandikia. Duka lake ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe, na yeye na mumewe Hashim walikaa juu. Yeye aliandika, Hashim akashughulika na mashine.

Hashim alikufa ghafla, Ijumaa baada ya sala. Umulkheir hakulia. Wanawake waliokuja kumpa pole walimtazama usoni wakingoja, mwisho wakachoka kungoja. Alikula alipoletewa chakula, akalala alipoambiwa alale. Mwajua mkono ukiulalia usiku kucha? Upo, lakini ukiufinya husikii. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima.

Akaingia eda. Mjane kwetu hukaa ndani ya nyumba yake miezi minne na siku kumi, asitoke bila dharura. Duka liko chini ya ngazi tu, lakini mlango wake ni wa barabarani na wateja wengi ni wanaume, hivyo kushuka hakuwezekani. Chini akabaki mfanyakazi wao, Keziah, mwanamke wa Busia aliyemfuata mumewe askari hadi huku kisiwani.

Umulkheir alikuwa akiandika juu kwenye laptopu yake, anatia kazi kwenye flashi. Keziah anapanda kuichukua, anashuka kuichapisha kwenye kompyuta ya duka, kwa maana printa ilifungwa kwa waya mmoja kwenye kompyuta ile tu. Mteja akitaka jina lirekebishwe, Keziah hupanda tena. Duka nalo linabaki peke yake.

Siku moja Abdulqadir, kaka yake Hashim, alipita akakuta duka halina mtu na mteja anaondoka akinung'unika. Akapanda, akasimama mwisho wa ngazi, nje ya pazia.

“Shemeji, tufunge. Kuna muuza magodoro anakitaka chumba.”

“Magodoro?”

“Godoro halina makosa ya kuandika.”

“Alhamisi twachapisha mitihani ya madrasa. Ngoja Alhamisi.”

“Na ikikwama?”

“Ikikwama, mpe wa magodoro.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Msidhani alikuwa hajali. Alijua jambo moja tu siku zile: akiandika, saa zinapita, asipoandika, zinakaa pale pale. Duka likifungwa, zitakaa mpaka mwisho wa eda.

Wakajaribu kwanza wai-fai, maana printa ilikuwa nayo. Lakini kuta za nyumba zile ni mawe ya matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono, na wai-fai haipenyi. Ndipo Umulkheir akakumbuka swichi ya mtandao aliyoinunua Hashim na kutoifunga, kisanduku chenye matundu ya waya safu nzima.

Kazi ya swichi si ngumu kuielewa. Badala ya printa kuwa ya kompyuta moja, kila mashine inachomekwa kwenye kisanduku hicho. Chenyewe kinaijua kila moja iko tundu gani, na kazi ya printa kinaipeleka kwa printa bila kuzisumbua nyingine. Wawili wakituma pamoja, kazi zote zinafika, zinapanga foleni. Na hata mtandao wa nje ukikatika, mashine za ndani zinaendelea kuzungumza.

Umulkheir akateremsha waya mrefu kupitia kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, ameufunga kandambili ili upepo usiupeperushe.

“Nimeshika kandambili, mama,” Keziah akaita kutoka chini. “Sasa hii ni ya nani, mguu mkubwa hivi?”

“Ya Hashim.”

Keziah hakutania tena.

Kwa simu Umulkheir akamwongoza: waya wa printa uingie kwenye swichi, wa kompyuta ya duka, wa ruta iletayo intaneti, na huu uliotoka juu. Kisha akaipa printa namba yake ya kudumu kwenye mtandao, ili stima ikipotea na kurudi isipewe namba nyingine, laptopu ikaitafuta isiione. Akatuma ukurasa wa majaribio. Keziah akasema umetoka. Umulkheir akasema vizuri, akafunga laptopu.

Alhamisi mwalimu wa madrasa akaja mapema, na Abdulqadir naye yuko mlangoni. Umulkheir akatuma. Kimya. Akatuma tena.

“Haitoki, mama,” Keziah akasema kwenye simu.

“Na mtandao umekatika mji mzima yeo,” Abdulqadir akasikika nyuma yake. “Nilisema.”

“Si huo,” Umulkheir akasema. “Keziah, taa za swichi zikoje?”

“Zinawaka zote pamoja, mbio mbio. Kama za harusi.”

“Umegusa nini?”

“Sijagusa kitu. Nilipanga tu.”

“Ulipanga nini?”

“Nikifagia niliona waya mmoja ncha yake imelala chini. Nikaichomeka kwenye tundu, duka likae nadhifu.”

“Na ncha yake ya pili iko wapi?”

Keziah akaufuata waya kwa kidole. “Iko hapo hapo kwenye swichi.”

“Chomoa.”

Swichi ilikuwa ikijitumia habari yenyewe. Kinachotoka tundu hili kinaingia tundu lile, kinazunguka bila kukoma, na kazi ya kweli haipati ndia. Keziah akachomoa. Taa zikatulia, moja hapa, moja pale.

Juu, kuta zile hazipitishi hata mlio wa printa. Umulkheir akakaa akitazama kioo mpaka akasikia viatu vya Abdulqadir ngazini.

“Imetoka,” akasema nje ya pazia. “Mwalimu ameikagua, amechukua.”

“Yote?”

“Yote. Nitampigia wa magodoro nimwambie atafute kwengine. Umefurahi, shemeji?”

Umulkheir akajitafuta ndani kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfukoni. “Sijui,” akasema. “Kuna mteja mwengine?”

Abdulqadir akainama, akauliza chini. “Yuko. Ataka barua ya kuomba kazi ya ulinzi.”

“Muulize jina lake kamili.”

Akauliza, akalirudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Umulkheir akaanza kuandika.