Zafarani Chini ya Mti wa Mepo

Harufu ya zafarani iliyolowa hunitia wasiwasi mpaka leo. Wenzangu huwakumbusha biriani na harusi. Mimi hunirudisha kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu, Stratford kwa Waingereza, nilipokuwa msichana wa miaka tisa, nikimshuku kila aliyepita mbele yangu.

Pale uani Baba alikuwa na mti wa mepo wa Kijapani, kwenye chungu kikubwa, majani mekundu yaliyochanuka kama vidole vya mtoto. Aliukinga na upepo na jua la mchana, akaunywesha maji ya mvua tu, maana ya bomba, alisema, yana chokaa ile ile inayoganda ndani ya birika. Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Pemba kumuuguza Mama, hakuupenda. "Mti hauzai, hauna kivuli, na unadekezwa kuliko mjukuu," alinung'unika. Basi majani yalipoanza kukauka ncha, nilijua wa kumpeleleza.

Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali bila ya mtoto tuliyekuwa tukimngoja. Hakutoka chumbani, pazia halifunguliwi. Niliogopa kwamba yule Mama niliyemjua hatarudi tena. Kila asubuhi Bibi aliandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, akampelekea kombe hilo anywe. Na kila siku nikitoka shule, udongo wa ule mti ulinukia zafarani. Nikakata shauri kwamba Bibi anauroga mti, na pengine Mama pia.

Jumamosi moja nikajibanza nyuma ya pipa la maji ya mvua. Aliyetoka alikuwa Mama, kanga juu ya koti, kikombe mkononi. Akamwaga kombe lote chini ya mti. Kwetu maneno ya Mungu hayakanyagwi, na kombe halimwagwi kwenye sinki, hata na mtu aliyekata tamaa. Akasimama kidogo, akachuma jani lililokauka, akachuma na jingine, kisha akaingia ndani.

"Nishakunywa, mama," nilimsikia akisema.

"Liwe la shifaa, inshaallah," Bibi akamjibu.

Mama alipopanda juu nikamwendea Bibi jikoni, nikaanza kwa Kiingereza kama kawaida yangu. "Bibi, she's not drinking it."

Hakugeuka. "Mjukuu wangu, una macho ya watu wa forodhani. Naosha vyombo dirishani hapa kila siku. Wadhani sioni?"

"Sasa mbona unamwandikia?"

"Kesho katoke na mamako mkachume majani, uniache."

Nilitoka na Mama, lakini moyo haukutulia. Niliona wanawake wawili wazima wanadanganyana, nami nikaapa kuwachunga wote wawili. Baba, maskini, aliulaumu upepo kwa yale majani, mpaka Mama mwenyewe alipoanza kumuuliza namna ya kuyapogoa matawi.

Nilielewa nilipokuwa mtu mzima, wakati na mimi niliporudi nyumbani kutoka hospitali mikono mitupu. Daktari alikuwa amemwambia Mama atoke nje. Baba alimbembeleza. Mimi nilimwita tucheze. Hakuna kilichomtoa kitandani ila kikombe asichotaka kukinywa na asichothubutu kukimwaga ovyo. Bibi alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akaendelea kuandika.