Farasi wa Festy Aliyekataa Kuhama

Festy Conneely wa Roundstone, pwani ya Connemara, alifika umri wa utu uzima bila mke, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la mawe lenye viazi hapa na pale, na farasi jike mmoja wa kijivu. Farasi huyo hakuwa na jina. Alikuwa peke yake. Angechanganywa na nani?

Alikuwa mfupi, kama farasi wote wa Connemara, kifua kipana, miguu imara. Siku za kazi alibeba matenga ya mwani kutoka pwani na mboji iliyokaushwa ya kuwasha moto kutoka kinamasini. Jumapili alimbeba Festy kanisani. Alikula vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi huvizunguka, akanenepa.

Mwaka ule viazi vilipoozea ardhini, Festy akampeleka farasi mnadani Clifden. Alinunuliwa na Nápla Lydon, mjane wa Cashel, ng'ambo ya ghuba. Asubuhi ya pili Festy alifungua mlango, akamkuta farasi amelowa maji ya chumvi, anatafuna nyasi za paa. Barabara ya Cashel huizunguka ghuba. Yeye hakuona haja ya kuzunguka.

Festy akamrudisha kwa miguu.

"Wewe bwana," Nápla akamwambia, "umeniuzia farasi au umeniazima?"

"Nimekuuzia, mama. Yeye ndiye hajaambiwa."

Nápla akampa chai na samaki wa chumvi, kisha wakaongeza mawe juu ya ukuta wa malisho. Wiki iliyofuata farasi akauruka ukuta, nyongeza na yote. Festy akamrudisha tena. Safari hii alinyoa ndevu kwanza.

"Hivi farasi hawa wametoka wapi, kuzimu?" Nápla akauliza, akimenya viazi.

"Hispania. Merikebu za Wahispania zilivunjika kwenye miamba yetu, farasi wakaogelea mpaka pwani, wakazaa na wa kwetu."

"Nani kasema?"

"Marehemu baba."

"Marehemu baba yako alisema pia mama yako anajua kupika. Farasi hawa walikuwa milimani kabla Mhispania hajajenga hata mtumbwi."

"Sasa huyu kuogelea kafundishwa na nani?"

"Ukaidi, Festy. Na huo hautoki Hispania, ni wa hapahapa."

Waliuendeleza ubishi huo kila farasi aliporudi, naye alirudi mara nyingi. Ilipokaribia Kwaresima, ambamo harusi hazifungwi, Nápla aliangalia chini ya meza. "Viatu vyako vimeisha," akasema. "Tuoane, mnyama apumzike."

Festy akatafuna kilichokuwa mdomoni, akameza. "Haya," akasema, akaomba chumvi.

Alihamia Cashel, maana paa la Nápla lilikuwa halivuji. Siku ya nne baada ya harusi, farasi akaondoka. Walimkuta Roundstone, kwenye malisho yake ya siku zote, ametulia. Hapo Festy akatambua kwamba muda wote ule hakuwa yeye aliyefuatwa. Jambo hilo lilimuuma.

Ikabidi wahame wao. Nápla aliingia Roundstone juu ya mgongo wa farasi, kuku mapajani, akitukana njia nzima.

"Nimeolewa na farasi," aliwaambia majirani. "Festy kaja kama mahari."

Mwaka uliofuata alizaa binti, Sabina, jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulikatia tamaa. Mtoto alianza kutambaa mapema. Asubuhi moja Nápla alitoka na ndoo, asimwone mlangoni. Alimwona chini ya tumbo la farasi, ameushika mguu wa nyuma kwa mikono miwili, anajaribu kusimama. Inzi walikuwa wamemjaa farasi machoni, na mbwa wa jirani alikuwa anambwekea puani.

Nápla aliitua ndoo polepole, akamwita Festy kwa mkono.

Farasi hakusogeza hata kwato. Hakutikisa mkia. Alisimama hivyo, ngozi ikimtetemeka kwa inzi, mpaka Festy alipokuja polepole akamvuta mtoto. Ndipo farasi akauinua ule mguu, akautua, akamfukuza mbwa mpaka barabarani.

Nápla alikaa juu ya ndoo, akalia kidogo. Kisha akaingia ndani, akautoa uji wa shayiri uliokuwa mezani, akautia sukari yote iliyokuwamo nyumbani, akampelekea farasi.

Ulikuwa uji wa Festy. Yeye alikula kiporo cha viazi.