Nyasi Chini ya Lori

Mimi sina sifa ya kunyamaza. Pale Nyaishozi ninapouza ndizi, mnunuzi akiniambia mkungu wangu ni mdogo namwambia akanunue wa mama yake. Mume wangu husema siku nikifa watu watajua kwa ukimya. Ndiyo maana hadi leo naona aibu kueleza kwamba niliwahi kufunga mdomo wiki sita nzima, nikijua kabisa gari letu linaliwa kwa chini, na mwenye kuliendesha ni baba wa watoto wangu.

Tulikuwa tumenunua lori dogo, jipya kabisa, viti vyake bado vina nailoni. Mume wangu alikuwa ameendesha malori ya watu tangu ujana wake, kwa hiyo hilo la kwetu alikataa nailoni ibanduliwe. Anakaa juu yake anatoka jasho mgongo mzima, ukimwambia aitoe anakuangalia kama umemtukana. Kazi yake ilikuwa kwenda Kyerwa kuchukua ndizi na kuniletea, mara mbili tatu kwa wiki, na siku zilizobaki gari linapumzika nyumbani.

Siku lilipofika, mama mkwe alikuwa ameshakata nyasi. Kwetu nyumba ikimpokea mgeni wa heshima, au Krismasi ikikaribia, sakafu inatandikwa nyasi mbichi, na miguu yako ikizikanyaga unajua umekaribishwa. Yeye akazitandika nje, kwenye kibanja, kando ya nyumba, pale migomba inapoacha nafasi. "Mtoto wa nyumba halali kwenye tope," akasema. Mume wangu akaliegesha gari juu ya nyasi zile taratibu, majirani wakapiga vigelegele, nami nikapiga tena kwa nguvu. Nilifurahi jamani, nisiseme uongo.

Basi ikawa kila Jumamosi mama anaongeza nyasi mpya juu ya zile za zamani. Mvua zikanyesha. Za chini zikaoza, ukiingiza mkono unasikia joto. Mbuzi nao wakagundua kwamba pana kitanda laini chenye paa, wakahamia, na mbuzi mahali anapolala ndipo hapohapo anapokojoa. Mwaka ukapita hivyo na sote tunaona sawa tu.

Asubuhi moja kuku wangu akaenda kutaga chini ya gari. Nikaingia kwa magoti kumfuata, nikashika chuma ili nijivute, kiganja kikatoka na magamba ya rangi ya kahawia. Nikadhani ni udongo, maana udongo wetu nao ni mwekundu. Nikatemea mate kidoleni, nikasugua. Udongo ungelainika, hiki kikabanduka kama ganda la kidonda. Nikainua macho. Rangi nyeusi ilikuwa imefanya malengelenge huku na huku, na kuna paipu nyembamba inayotoka mbele kwenda nyuma, yote imeshika kutu. Sikujua kazi yake. Nikatoka pale na mayai matatu.

"Baba watoto," nikamwambia, "gari lina kutu chini."

Akacheka. "Kutu? Gari la nailoni? Hilo ni vumbi la Kyerwa, mama."

"Si vumbi."

"Basi lete sabuni tulioshe." Akapanda, akawasha, akaondoka.

Ningeweza kumvuta shati nikamwingiza chini akaone mwenyewe. Sikufanya hivyo, na sababu naijua. Akishaona, angeuliza kutu imetoka wapi, na jibu lilikuwa limekaa pale mlangoni mwa jiko linamenya ndizi. Mama yake. Mtu ninayemwamkia kila asubuhi nikiwa nimepiga magoti. Mimi mkamwana niende kumwambia kwamba kitanda alichotandika kwa heshima ndicho kinachotuozeshea gari? Nilishawasikia watu wakisema: anaanza na nyasi, kesho atamfukuza mama wa watu. Nikameza.

Lakini kumeza si kutulia. Siku za safari roho ilikuwa juu juu tangu anapotoka. Nikipiga simu hapokei, tayari nimeshamwona mtaroni, chuma kimekatika katikati, mikungu imemlalia. Maharage yaliungua mara ngapi sijui. Sokoni nikawa nagombana na watu wasio na kosa. Jumapili moja mama alipoenda kanisani nikazoa nyasi zote nikazitupa migombani. Aliporudi akasimama, akatikisa kichwa. "Hawa mbuzi wamemlia mtoto matandiko yake," akasema. Nami nikasema, "Mbuzi, mama, wana laana." Kesho yake akatandika mara mbili ya zile. Nilikimbilia jikoni kulia, nikajifanya ni moshi.

Wiki ya sita, Alhamisi mchana, mume wangu akarudi nyumbani kwa bodaboda. Hana gari. Akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa kikombe kizima. Mama akaja kukaa karibu. Mume wangu akatueleza kwamba kwenye mteremko, gari likiwa limejaa, alikanyaga breki pedeli ikazama hadi chini, hakuna kitu. Akashusha gia, akavuta breki ya mkono, likazidi kwenda. "Nikawa natafuta tu pa kuligonga," akasema. Akalibamiza ubavu kwenye ukuta wa udongo uliochongwa barabara ilipopita, likajikwaruza mpaka likasimama. Ndizi zote chini. Yeye mzima.

Mama akapiga ishara ya msalaba. Mimi nikatoka nikaenda kuziangalia zile nyasi.

Kesho yake gari likavutwa hadi kwa fundi, nasi tukaenda. Akaingia chini, akakaa huko muda, akatoka na kipande cha ile paipu nyembamba. Akakivunja kwa vidole viwili tu. Akasema mafuta ya breki yamemwagikia hapo. Kisha akauliza, "Gari hili linalala wapi? Huku chini kunanuka zizi."

"Nyumbani," mume wangu akasema, kwa hasira kidogo. "Mahali pazuri tu."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Wakati fundi anabadilisha paipu na kusugua chuma kwa brashi ya waya, nikakiokota kile kipande nikakitia mkobani.

Jumamosi tukarudi nalo. Mama alikuwa anatungoja. Alikuwa amekata mzigo mkubwa wa nyasi kuliko wowote niliowahi kumwona nao, anaimba wimbo wa kumshukuru Mungu aliyemrudishia mwanawe. Akainama, akaanza kutandika. Nikateremka kabla gari halijasimama vizuri.

"Mama, acha!"

Ilikuwa sauti yangu ya sokoni. Akabaki ameinama, nyasi mkononi. Nikamwambia yote: unyevu, mbuzi, mkojo, kutu, paipu. Nikakitoa kile kipande nikamwekea kiganjani. Akakiminya, kikasagika. Akakinusa. Nikangoja anilaani.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku kuku alipotaga chini ya gari."

"Ndiyo lini?"

"Wiki sita, mama. Nilimwambia ni kutu, akacheka."

"Ulimwambia ni nyasi zangu?"

"Hapana."

Akaninyooshea ile mikono yenye unga wa kutu. "Mimi sijui magari. Ningejuaje? Wewe ulijua, ukamfungia chakula cha njiani, ukamwacha aende. Wiki sita."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Ungenitukana," akasema. "Ningenuna mwezi mzima, halafu ningepoa. Mwanangu ni mmoja."

Mume wangu alikuwa ameshateremka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari ulio wazi, amesikia kila neno. Akanipita. Akaenda kuchukua reki, akaanza kuvuta nyasi kutoka upande wake, na mama yake akawa anazizoa kwa mikono kutoka upande wa pili. Mimi nilisimama pale na mkoba wangu. Hakuna aliyeniambia nisaidie.