Mlango wa Jemadari

Kwetu Barawa, mji wa pwani kusini mwa Somalia, baba yangu alikuwa mshona makubadhi, na alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa mapenzi. Aliogopa sindano, aliogopa ng'ombe, na radi ikipiga alikumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba cha ndani. Mama alimtania mpaka mwenyewe akacheka. Lakini siku moja kila mwaka, baada ya Alasiri, mtu huyo huyo alivaa kanzu mpya, akatoka nje ya nyumba yake na kufungiwa mlango.

Hiyo ilikuwa siku ya khitma ya Jemadari, babu yetu wa mbali wa upande wa India, aliyeongoza askari wa mfalme wake wakati Waingereza walipokuja kuiteka nchi yao. Mizinga ilipobomoa ukuta wa ngome, aliamuru lango lifungwe nyuma yake. Akabaki nje na watu wachache, ili wanawake na watoto watoroke kwa upande wa mtoni. Alifia hapo langoni. Mjukuu wake alivuka bahari, akaoa Barawa, tukazaliwa sisi tusiojua hata neno moja la Kihindi. Kilichobaki ni khitma na desturi yake: mkubwa wa nyumba husimama nje, komeo hutiwa, kisa husimuliwa ndani, na mlango haufunguliwi mpaka kisa kiishe. Tangu nikiwa na miaka kumi, mtia komeo nilikuwa mimi.

Mwaka wa mwisho kabla ya vita baba alisahau kofia ndani. Jua lilikuwa kali. Akagonga, akaomba apewe tu kofia yake, kisa bado kiko mbali. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na hakuna aliyemfungulia.

Serikali ilipoanguka Mogadishu, wenye bunduki walianza kushuka pwani, kundi moja likitoka jingine linaingia. Sisi hatukuwa na silaha wala ukoo wa kututetea. Walichukua dhahabu, kisha mafriji, kisha mabati ya paa. Mwishowe wakaanza kuchukua wasichana. Dada yangu Zuhura alikuwa na miaka kumi na sita.

Asubuhi moja tulisikia magari yao mwanzo wa mtaa. Walikuwa wanaingia nyumba hadi nyumba. Nyuma kwetu palikuwa na ukuta wa ua, na ng'ambo yake njia ya kwenda ufukweni. Baba aliingia chumbani, akatoka amevaa kanzu ya khitma. Nilipoiona nilijua anakusudia nini.

Alisema atawachelewesha kwa maneno, sisi turuke ukuta. Akanishika bega.

"Nikishatoka, tia komeo. Hata nikisema fungua, usifungue. Watanilazimisha niseme."

Akatoka.

Nikatia komeo.

Mama alikuwa anampandisha Zuhura juu ya pipa la maji. Mimi nilibaki mlangoni, jicho kwenye ufa. Mtaa ulikuwa mtupu. Magari yalikuwa bado nyumba ya tano kutoka kwetu. Baba alisimama barazani amenipa mgongo, na kanzu ilikuwa inatetemeka.

Kisha akageuka.

Aligonga mara mbili, taratibu, kama mgeni.

"Idrisi," alisema. "Nifungulie, mwanangu. Siwezi."

Hakuna aliyemlazimisha. Barazani hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa na muda wa kufungua, akaingia, tukaruka ukuta sote wanne.

Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Niliogopa. Niliogopa kuvunja amri yake, niliogopa mlio wa komeo, na zaidi ya yote niliogopa kwamba mlango ukiwa wazi watanifikia mimi. Kwamba nilikuwa nawalinda Mama na Zuhura, hilo nililifikiria baadaye.

Aligonga tena.

Nikakimbilia uani.

Nikiwa juu ya ukuta nilimsikia akiwatolea salamu kwa adabu, kama anavyowapokea wateja. Zikafuata risasi tatu.

Tulifika Mombasa kwa mashua, tukakaa kambi ya wakimbizi miaka minne. Humo nilioa, akazaliwa binti yangu Shamsa. Kisha tukaletwa Minnesota, Marekani, tukapewa nyumba Richfield, ghorofa ya pili, karibu na uwanja wa ndege ninakopakia mizigo. Ndege zilipita chini mno. Majira ya baridi ya kwanza Mama aliingia chini ya meza kila moja ilipopita, na mimi, mtu mzima, nilimfuata. Mpaka leo mtu akigonga kwetu, mke wangu ndiye anayefungua.

Khitma haikukatika. Watu wetu walikuja kutoka New Hope na Minneapolis na sufuria za pilau, wakaacha viatu vyenye theluji mlangoni. Mama alisimulia kisa cha Jemadari, na mwishoni akaongeza cha baba: alisimama vile vile, hakugeuka nyuma. Watu walilia. Mkubwa wa nyumba sasa nilikuwa mimi, lakini kila mwaka niliomba shifti siku hiyo, mjomba mmoja kati ya wageni akasimama nje badala yangu.

Mwaka wa saba tangu vita, msimamizi alininyima shifti. Shamsa, miaka sita, aliomba yeye ndiye afunge. Nikatoka kwenye korido nimevaa kanzu na soksi. Jirani mmoja Mmarekani alipita na kapu la nguo chafu, akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nikamwambia ndiyo, na mke wangu.

Kitasa kilipolia nyuma yangu, kicheko kiliniishia. Nilimsikia Mama akisimulia. Ngome, mizinga, lango. Kisha Barawa.

"Hakugeuka nyuma," alisema.

Nikageuka. Niligonga mara mbili.

"Shamsa, nifungulie."

Nilimsikia Mama akimwambia asubiri, kisa hakijaisha. Kitasa kikageuka papo hapo. Shamsa alisimama pale akinitazama, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule kama nimeogopa.

"Ndiyo," nilimwambia. "Nimeogopa sana."

Nikayasema yote nikiwa hapo hapo mlangoni, mbele ya watu. Mtaa mtupu, magari nyumba ya tano, lile neno "siwezi". Zuhura alikuwa amekaa kwenye zulia na mwanawe mchanga mapajani. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

Nilingoja Mama aseme mwanawe amerukwa na akili. Alifunga juzuu aliyokuwa nayo mkononi.

"Nilimsikia," alisema. "Nilikuwa hapo penye pipa, nilimsikia mara zote mbili. Nilikuwa namwomba Mungu usifungue."

Miaka saba tumelala nyumba moja, kila mmoja na lake. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akawageukia wageni, akawaomba radhi kwa kuwaweka. Kisha akasema Jemadari ameshasomewa vya kutosha. Leo tumsomee Ali, mshona viatu, aliyeogopa akataka kurudi ndani kwa watu wake.

Tukamsomea.