Siku Niliyowaambia Watu Trekta Lisizimwe

Aibu hii naitoa mwenyewe, maana nikinyamaza ataisimulia mtani wangu Mzee Mbonde, na akiisimulia yeye itatiwa chumvi mpaka isilike. Mimi nimefundisha Qur'ani zaidi ya nusu ya umri wangu, alhamdulillahi, watoto wa kijiji chetu huku chini ya Mchukwi walishika juzuu mbele yangu na leo wana wajukuu, na mtu huyohuyo, mchana kweupe, ndani ya kanzu nyeupe, niliwadanganya watu haohao kwa ajili ya trekta la mtumba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia kutoka nje, kuanzia suruali hadi baiskeli. Trekta kubwa la ushirika lilikuwa limeshakufa zamani, kuku wanataga chini ya kiti chake. Sasa huku kwetu mpunga wa bondeni una sharti moja: lazima uwahi kurefuka kabla mto haujapanda, la sivyo maji yanaufunika na mmekwisha. Mwaka uliotangulia tulichelewa kwa jembe la mkono, na shamba la Bi Mwanahawa, mjane anayelea wajukuu wanne, lilifunikwa lote. Kwa hiyo tulipovuna ufuta kila nyumba ikatoa fungu lake, yeye akatoa gunia zake zote, tununue trekta dogo la dizeli, na wakasema aende Mwalimu, maana Mwalimu hadanganyiki. (Hawakujua kwamba asiyedanganyika naye anaweza kudanganya.)

Sikwenda kichwa kichwa. Niliwauliza kwanza watu wenye matrekta ya namna hiyo. Mmoja wa Chumbi, nilikutana naye gulioni Ikwiriri, alilisifu mpaka nikaona anaposa: jepesi, halizami kwenye tope, linageuka ndani ya jaruba dogo, na dizeli linakunywa kwa adabu. Wa pili alikuwa mzee wa Mchukwi, mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Mwalimu, usitazame rangi. Fika, weka kiganja kwenye injini. Ukiikuta ya moto, jua imepashwa kwa ajili yako. Mwambie alizime, kaeni mpaka lipoe, kisha aliwashe mbele ya macho yako. Akianza kukupa hadithi, muage." Nikamshukuru. Nikayakariri maneno yale kama ninavyokariri aya.

Nikaelekezwa kwa muuzaji mmoja wa Kibiti, akasema nije siku ya Ijumaa asubuhi. Kwa kuwa ningesali Ijumaa hukohuko, na kwa kuwa kijijini kisomo cha shukrani kilishapangwa jioni ileile baada ya Alasiri (usiniulize nani alipanga kisomo cha kitu ambacho hakijanunuliwa, nilipanga mimi), nilivaa kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Nilifuatana na Seif, dereva wetu, mtu mzima aliyewahi kuendesha lile trekta la ushirika. Tulipofika, trekta lilikuwa limepakwa rangi nyekundu mbichi, maandishi ya Kijapani yamebaki ubavuni, na linanguruma. Seif akaninong'oneza, "Mwalimu, mbona limeshawashwa?" Nikanyoosha mkono niiguse injini, nikaona oili inavyong'aa, nikaitazama mikono ya kanzu yangu, nikaurudisha mkono. Muuzaji akaapa Wallahi mara tatu kwamba halina kasoro. Nikasema moyoni, Muislamu ameapa, mimi ni nani nimwambie zima? Kumbe haikuwa imani, ndugu zangu. Ilikuwa kanzu.

Nikalipa, tukaenda nalo mpaka msikitini, Seif akalizima ili watu wasali. Tulipotoka akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, likasema "ki!" basi. Waumini wa Kibiti wakatusukuma mpaka likawaka, na mmoja akauliza kwa sauti, "Shehe, hili mmelinunua au mmeliokota?" Seif akasema, "Stata imekufa, na pumzi ya injini nayo ni ndogo. Turudi kwa yule bwana sasa hivi." Tukarudi. Geti limefungwa, jirani yake anasema ameshapanda basi la Dar es Salaam.

Hapo ndipo ningepaswa kwenda kijijini nikaseme kweli. Lakini njia nzima sikutulia. Nimekaa juu ya madigadi ya tairi, nikishuka kila kwenye tope kidogo nikitembea pembeni, nikipanda tena, nikiwaza pilau limeshaiva, nikiwaza gunia za Bi Mwanahawa, nikitazama wingu lililokuwa likijikusanya upande wa mto. Mwisho nikamwambia Seif, "Usilizime. Likiwa linaunguruma, nani atajua?"

"Na usiku, Mwalimu?"

"Usiku Mungu ni mkubwa."

Akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Tulipokelewa kwa vigelegele. Mikeka imetandikwa nje ya msikiti, kitezo kinafuka ubani, wanawake upande wao, ustadhi mgeni ameshakaa mbele ya marufaa ya kuwekea msahafu. Trekta likasimama hatua chache kutoka mikekani, du-du-du-du, moshi wake ukaufukuza ubani wote kijijini. Ustadhi akasubiri. Watu wakasubiri. Mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa.

"Lizimeni basi tusome," akasema mtu.

Nikajisikia nasema, kwa sauti ileile ninayofundishia, "Hapana. Waliolitengeneza wanashauri siku ya kwanza lisizimwe, lipate kuzoea hewa ya huku."

Mzee Mbonde, ambaye ni Mmatumbi, nami Mndengereko, na utani wetu tumeurithi kwa wazee, akainua kichwa. "Kuzoea hewa? Limekuja kuoa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao. Kisomo kikaanza. Ustadhi anasoma, trekta linasoma. Yeye akipandisha sauti, nalo kama limesikia linapandisha. Wanawake wakaanza kuulizana, "Anasoma sura gani?" Mpaka maskini yule mtu mishipa ya shingo ikamsimama, akafunga msahafu taratibu, akasema, "Mwalimu, mimi nimepita mikononi mwako. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba Qur'ani ikisomwa watu wananyamaza wasikilize. Leo hili limepata ruhusa kwa nani?"

 Kabla sijamjibu, Mzee Mbonde alishanyanyuka na mkongojo wake. Nikasema, "Mbonde, liache!" Akasema, "Niache nini? Mali ya Mndengereko ni mali yangu." Akavuta kizimio.

Ukimya ulioingia pale ulikuwa wa baraka, kila mtu akashusha pumzi, ndege wakasikika. Mimi peke yangu nilikuwa natoka jasho. Kisomo kile kilikuwa kizuri, wanasema. Sikusikia hata herufi. Nilikuwa nahesabu tu kurasa zilizobaki kabla ya aibu yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliomba, Mola anisamehe, msomaji asimalize.

Akamaliza. Tukaitikia amina. Pilau likaliwa, nami nikamega matonge mawili nikayasukuma kwa maji. Kisha wazee wakasema twende bondeni tukakate mfuo wa kwanza, na uwe kwa Bi Mwanahawa. Seif akapanda. Hakunitazama. Akazungusha ufunguo.

"Ki!"

Akazungusha tena. Watu kimya kuliko walivyonyamaza kwenye kisomo. Mzee Mbonde akasema polepole, "Naona hewa limeizoea kupita kiasi."

Nikaruka mimi! Sikungoja mtu. Nikapandisha kanzu, nikaifunga kiunoni, nikaenda nyuma kabisa katikati nikaanza kusukuma kama mtu anayesukuma dhambi zake. Wanaume wakaja, tukalisogeza mpaka kwenye mteremko wa kisimani, ardhi ikiwa bado na utelezi wa manyunyu ya jana. Seif akaachia klachi. Likakohoa, likashika, tairi za nyuma zikazunguka, tope lote la mteremko ule likanijia mimi usoni, kifuani, mdomoni, na trekta likachomoka mikononi mwangu nikaanguka kifudifudi mbele ya wanafunzi wangu, wakwe zangu na ustadhi mgeni. Kofia yangu ilikwenda na tairi. Watoto wa madrasa walijitahidi wasicheke, wakashindwa.

Nilipoinuka, Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mbele yangu. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Seif asingenisuta. Lakini yule mama alikuwa ametoa gunia zake zote, na macho yake yalikuwa yanauliza jambo moja tu: mwaka huu wajukuu watakula au hawatakula.

"Nilijua tangu Kibiti," nikasema. "Niliihurumia kanzu nisiliguse, kisha nikaona haya kusema. Na yale maneno ya hewa niliyatunga."

 Bi Mwanahawa akatazama wingu, akatazama trekta ambalo Seif alikuwa akilizungusha huku na huku kisimani, akiogopa kusimama. Akajifunga kanga vizuri.

"Basi lisizimwe," akasema. "Seif! Nifuate shambani hivyohivyo. Mambo ya Mwalimu tutayazungumza mpunga ukishaota."

Lililima mpaka Magharibi. Na kusema haki, nami sasa natoa maoni yangu kama mwenye trekta, lilikuwa linalima vizuri sana. Kosa lake lilikuwa kuamka tu. Jioni Mzee Mbonde akatangaza kwamba kulisukuma kunahitaji wanaume kumi na wawili, hivyo alfajiri wote wakutane msikitini, wakitoa salamu waende mteremkoni moja kwa moja. Basi majuma yale yote mvua zilipokuwa zinakaribia, Swala ya Alfajiri ilijaa namna ambayo sijaiona tena. Waliokuwa hawaijui alfajiri waliijua. Mashamba yote yalilimwa kwa wakati, mto ulipopanda ukaukuta mpunga wa Bi Mwanahawa umefika kiunoni, na siku moja akanipitia nyumbani na ungo wa mchele mpya. Yale mazungumzo aliyoyaahidi hakuyaanzisha, nami sikumkumbusha.

Baada ya mavuno tukapata fundi Kibiti akabadilisha stata na kuifungua injini. Seif akaja ananionyesha kwa furaha: unazungusha ufunguo, linaitika. Alfajiri iliyofuata niligeuka kupanga safu, nikawakuta muadhini, Seif, na Mzee Mbonde anayesinzia.

Nilipotoka nilipitia lilipoegeshwa. Nikafungua kifuniko, nikaushika waya wa betri; ukilegea huo, tunarudi kusukuma. Nilisimama nao mkononi muda mrefu, namwogopa Mungu na natamani wale wanaume kumi na wawili warudi safuni. Kisha nikauacha, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu kufundisha. Watu niwaite kwa ukweli, wakija wachache, alhamdulillahi kwa hao.